Hati ya Majani ya Mtaroni

Gari la Bwana Hakika lilichemka kando ya mtaro mkubwa, mahali ambapo hakuna mtu anayesimama kwa hiari yake. Kwa kuwa hakuwa na la kufanya ila kungoja injini ipoe, akafungua redio. Mtafiti mmoja mwenye sauti ya usingizi alikuwa anaeleza habari za mimea pori. Ipo mimea, alisema, ambayo ikipimwa maabara huonekana kuukinga mwili usichakae, kama vile rangi inavyokinga bati lisishike kutu, na mingine huzuia vijidudu visizaliane. Kisha akaanza kusema kwamba utafiti bado haujakamilika na watu wasikimbilie kutumia, ila maneno hayo hayakumfikia Bwana Hakika. Alikuwa ameshazima redio. Matapeli kama yeye husikiliza mpaka pale panapowafaa.

Akachungulia nje. Mtaro mzima, kuanzia darajani hadi nyuma ya karakana, ulifunikwa na majani ambayo watu waliyaita kinuka. Mbuzi hawayali. Ukiyakanyaga, viatu vyako vinalala nje. Yalikuwa mengi, yalikuwa ya bure, na hayakuwa na mwenyewe. Bwana Hakika aliyatazama kwa mapenzi makubwa, akatabasamu peke yake.

Alipachikwa jina hilo kwa sababu kila uongo wake ulianza na neno "hakika". Mkewe alikuwa ameondoka na makochi, mwenye nyumba akazuia kitanda kwa ajili ya kodi, na kilichobaki duniani kikawa gari hilo jeupe, kuukuu lakini lililooshwa kila asubuhi. Nje ya gari alikuwa mtu mwembamba mwenye maneno mengi. Ndani ya gari alikuwa bosi, na walinzi walimfungulia mageti kabla hajapiga honi. Alijua fika kwamba siku atakapolipoteza, hakuna atakayemsikiliza hata akisema kweli.

Mtu wa kutegwa alimpata upesi. Mama Sabuni alikuwa na banda la kupikia sabuni nyuma ya soko, akiwauzia wenye hoteli na zahanati. Alikuwa mjane mwenye mali na ulimi, na kila mwaka alipunguza mche wa sabuni kidogo, akiamini wateja hawana macho. Mtu wa namna hiyo haibiwi kwa nguvu. Anaonyeshwa faida, halafu anaachwa ajiibie.

Msomi alihitajika. Bwana Hakika akamchukua mshereheshaji mmoja wa harusi, mtu wa sauti nzito iliyokuwa haina kazi msimu ule, akamvika koti jeupe na miwani, akamwita Profesa.

"Theluthi yako," alimwahidi. "Sasa tazama hapa. Hivi visahani vina supu ya mifupa iliyoganda. Tunapaka maji machafu juu, tunaweka kidonge cha karatasi iliyolowekwa maji ya kinuka katikati, tunafunika. Baada ya siku chache, ukungu na uchafu unaota kila mahali, isipokuwa kuzunguka karatasi. Pale panabaki duara safi."

"Kwa nguvu za kinuka?"

"Kwa nguvu za dawa ya madoa ya kufulia, mwanangu. Tunaichanganya na maji ya kinuka. Na ndiyo maana nimeuchagua huu mmea. Unavyonuka, hakuna pua itakayoisikia dawa ya madoa."

"Nikiulizwa swali nisilolijua?"

"Vua miwani, uifute taratibu, useme: swali zuri sana. Mpaka utakapoivaa tena, aliyeuliza atakuwa ameridhika."

Ofisini kwa Mama Sabuni mambo yalikwenda kama harusi. Profesa alifunua visahani, na Mama Sabuni akalitazama lile duara safi kwa muda, kiganja puani. Kisha Profesa akatoa tufaha lililokatwa vipande viwili tangu asubuhi. Kimoja kilikuwa cha rangi ya kahawia. Kingine, kilichopakwa ndimu kwa siri, kilikuwa cheupe.

"Mama, hiki cha kahawia ni ngozi yako leo," alisema kwa sauti ya kutangaza maharusi. "Hiki cheupe ni ngozi yako ukioga kwa kinuka."

"Yaani unaniambia nimeoza?"

"Unaelekea, mama. Sisi sote tunaelekea."

"Na harufu je? Nani ataoga kitu kinachonuka hivi?"

Profesa akavua miwani, akaifuta. "Swali zuri sana."

"Hakika," akadakia Bwana Hakika, "dawa isiyonuka watu hawaiamini. Lakini sikulazimishi, mama. Mwenzako wa kiwanda cha ng'ambo ya mto ametuomba tumpelekee kesho."

Mama Sabuni alikuwa tayari kufa maskini ilimradi mwenzake wa ng'ambo ya mto asitajirike. Akalipa. Akapewa hati yenye muhuri mkubwa, uliochongwa kwenye soli ya kandambili, iliyosema kwamba kinuka chote cha mji huu, kilichoota na kitakachoota, ni mali yake yeye peke yake.

Walipofika garini, Profesa akanyoosha mkono.

"Theluthi ni ya faida," alisema Bwana Hakika. "Lazima tutoe petroli, supu, koti, miwani, tufaha, na mafunzo niliyokupa." Alimwekea mkononi noti zisizotosha hata viatu. Mshereheshaji alizitazama, akamtazama na yeye, akashuka bila neno. Koti hakulirudisha. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza mtu wa maneno mengi vile amenyamazia nini, lakini Bwana Hakika alikuwa anajisifu kimoyomoyo, na kazi hiyo humshughulisha mtu sana.

Baada ya wiki mbili mshereheshaji alirudi, jasho linamtiririka, kisahani mkono mmoja, chupa mkono wa pili.

"Kaka, ulinidhulumu, lakini sijaja kwa hilo. Nilitaka nijifanyie mchezo wangu mdogo kwa watu wengine. Dawa ya madoa ikaniishia, nikaweka kinuka kitupu ili kujaza nafasi. Hebu ona!"

Duara lilikuwa safi, tena kubwa kuliko lao. Bwana Hakika akakinusa kisahani: kinuka mtindo mmoja.

"Acha utani."

"Usiniamini mimi. Maji yenyewe haya hapa, nimekamua mwenyewe leo. Fanya kwa mkono wako."

Akafanya kwa mkono wake. Alinunua mifupa, akapika supu, akapaka maji ya mtaroni, akaweka karatasi iliyolowekwa kwenye ile chupa aliyoachiwa, akafunika na kulala karibu na kisahani kama mzazi. Alipokifunua baada ya siku chache, duara lilikuwepo. Huyu alikuwa mtu aliyemdanganya kila mtu mjini na hajawahi kumwamini yeyote, lakini alikiamini kisahani alichokipika mwenyewe. Alilia kwa uchungu wa kweli. Alikuwa ameshika dawa ya dunia nzima, akaiuza kwa bei ya uongo!

Kesho yake alikuwa kwa Mama Sabuni, kofia mkononi.

"Mama, dhamiri inanisuta. Ule mmea si chochote. Chukua pesa yako yote, unirudishie hati."

"Mbona mimi nimeshaupenda?" alisema Mama Sabuni, akijipepea na hati hiyo hiyo. "Siku hizi hata harufu siisikii."

"Nakuongezea juu."

"Dhamiri yako ina pesa nyingi, mwanangu. Mmea usio na kitu unaununua kwa bei ya juu zaidi?" Akachungulia dirishani. "Lile gari ni lako?"

Bwana Hakika alilitazama gari lake, jeupe, linang'aa juani, likimngoja. Akapiga hesabu ya magari atakayonunua kwa utajiri wa kinuka, akaweka funguo mezani.

"Na funguo za akiba," alisema Mama Sabuni. "Na ukitoka, lifunge geti, mlinzi wangu hamjui mtu wa miguu."

Alitembea hadi mtaroni, hati kifuani, jua utosini. Alimkuta mwanamke mmoja anang'oa kinuka apate njia ya kupita, akamfukuza kwa makelele. Watu wakakusanyika. Hakika, akawatangazia, wanachokikanyaga ni dawa ya kuua vijidudu na kuzuia uzee, na haki yake yote anayo yeye. Akaionyesha hati juu kama kombe. Mzee mmoja mwenye duka la vipodozi akamsogelea, akaingiza mkono mfukoni, akamnong'oneza, "Nusu yake unauza kiasi gani?"

Hapo ndipo alipofika bwana afya wa mji, amechoka, buti zimejaa tope, fyekeo begani.

"Nasikia mwenye majani haya amepatikana?"

"Ni mimi!" alisema Bwana Hakika. "Yote! Yaliyoota na yatakayoota!"

Bwana afya aliisoma hati yote, pole pole, kwa furaha iliyokuwa inaongezeka kila mstari. "Ndugu yangu, tumekutafuta miaka. Majani yako yameziba mtaro, mbu wamejaa, maji yanaingia majumbani mwa watu. Utafyeka yote, kuanzia darajani, kwa gharama yako. Ukikataa, mahakamani."

Wakati huohuo gari jeupe likapita juu ya daraja. Mama Sabuni alikuwa kwenye usukani. Pembeni yake alikaa mshereheshaji, amevaa koti la kisomi, amejaa kiti kizima. Mama akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani.

"Mama anakusalimu, mwenye shamba! Nilimweleza yote baada ya wewe kunipunja theluthi yangu!" mshereheshaji alipaza sauti, ile sauti nzito ya kuinua ukumbi mzima. "Chupa uliifurahia? Ilikuwa dawa ya madoa, kinuka nilitia kidogo tu, kwa ajili ya pua yako!"

Wakaondoka, na honi.

Bwana Hakika alisimama akihema. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na hasira ikaifuata. Kisha akamgeukia bwana afya na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akasema kweli tupu, tena kwa sauti, mbele ya watu wote:

"Bwana afya, sikiliza! Majani haya hayatibu kitu! Sijui hata yana nini, hakuna aliyeyapima! Muhuri nimeuchonga kwenye kandambili! Ni uongo wote, nimetunga mimi!"

Mwenye duka la vipodozi akautoa mkono mfukoni, mtupu, akaenda zake.

"Mimi sikuuliza yanatibu nini," alisema bwana afya, akiikunja hati na kuitia mfukoni mwake. "Nimeuliza ni ya nani, na umeshanijibu mbele ya mashahidi. Na sasa umeniambia pia kwamba wewe ni mghushi wa mihuri. Tuanze na lipi?"

Bwana Hakika akakunja suruali hadi magotini. Akanyoosha mkono kupokea fyekeo.