Tempest ya Rangi ya Maziwa

Lonnie Grabowski alikuwa na pua. Wenzake hunusa mkate unaotoka tanuruni. Yeye alinusa magari yaliyofichwa. Asubuhi ile alikuwa Hamtramck, hapo Detroit, kwenye uwanja wa mjane mmoja aliyekuwa akiuza vyombo vya marehemu mumewe. Alikuwa ameshika taa ya mezani na kujifanya anaikagua, kumbe jicho limeshapita upenyo wa mlango wa gereji. Chini ya shuka la maua palichungulia taa za nyuma za Pontiac Tempest ya mwaka sitini na tano.

Akairudisha taa mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Ieleweke kwamba Tempest ni gari la mwalimu wa shule. Lakini ina ndugu yake wa tumbo moja, GTO, mwenye injini kubwa, ambaye wanaume wenye mvi wa Detroit humtaja kwa sauti ya ibada. Ukiipiga Tempest rangi nyekundu, ukaibandika nembo za ndugu yake, ukampata mnunuzi mwenye fedha nyingi na haraka nyingi, umemaliza kazi. Na mnunuzi Lonnie alikuwa naye: Daktari Fenwick, tabibu wa meno.

"Mama," Lonnie alimwambia mjane, Bi Ardith Wojcik, "gari hilo linakuharibia gereji tu. Mimi nina huruma. Nitakuondolea kwa dola elfu mbili."

Bi Ardith alikuwa mdogo, mkavu, amevaa kofia ya kanisani ingawa ilikuwa Jumanne. "Siuzi kitu kichafu, mwanangu. Mume wangu Kaz atageuka kaburini. Litengeneze kwanza hapa hapa, lipake rangi, ndipo tuongee."

"Kwa gharama ya nani?"

"Si umesema una huruma?"

Lonnie akapiga hesabu haraka. Gereji ya bure, mbali na macho ya watu! Tatizo lilikuwa mtaji. Mali yake yote duniani ilikuwa gari la mizigo bovubovu, na ndimo alimokuwa akilala tangu mke amfukuze. Akaliuza. Akanunua mabati, msasa, rangi, akaomba kulala kwenye kochi la gereji. Akishindwa hapa, hana hata pa kuweka soksi.

Basi kazi ikaanza. Alifungua boneti, akaona injini yenye vumbi na kabureta moja, akacheka kwa dharau. Alipotaka kuiwasha aikanyage kidogo, Bi Ardith alimzuia, akiipapasa injini: "Usimsumbue mzee." Penye kutu alipaka puti nene, ule udongo wa kuzibia mashimo, kama mtu anayepamba keki. Bi Ardith akaja na kikombe cha kahawa, akagonga bati kwa kidole kilichovaa kastabini.

"Hapa panalia kama kibuyu. Toa, uchomelee bati."

"Mama, rangi itafunika."

"Rangi inafunika macho, haifuniki masikio. Toa."

Akatoa. Akakata, akachomelea, akapiga msasa mkavu na wa maji, mpaka vidole vikawa laini kama vya mtoto mchanga. Kila jioni alipewa sahani ya pierogi, sambusa za kuchemsha za Kipolandi, zenye viazi na vitunguu vya kukaanga, na akaanza kunenepa. Siku ya rangi akaleta nyekundu.

"Nyekundu ya nini? Mimi si zimamoto," alisema Bi Ardith. "Rangi ya maziwa, kama lilivyozaliwa."

"Lakini mnu— lakini watu wanapenda nyekundu!"

"Watu gani?"

Lonnie akaenda kubadilisha. Akapuliza rangi ya maziwa, tabaka juu ya tabaka, kwa uvumilivu ambao mkewe hakuwahi kuuona. Ilipokauka, gari liling'aa kama sahani ya harusi, na yeye mwenyewe, tapeli mzima, akalizunguka mara tatu akilitazama.

Jumapili alfajiri, Bi Ardith akiwa bado ndani, alibandika nembo za GTO. Daktari Fenwick akafika na gari lake jipya la Kijerumani, na saa ya dhahabu mkononi.

"Daktari, hii si gari, ni historia," Lonnie alianza. "Ilikuwa ikishindana usiku kwenye barabara ya Woodward. Na dereva alikuwa nani? Msichana! Amevaa kofia ya kanisani!" Alishangaa mwenyewe uongo ule mtamu ulikotoka.

Daktari akatoa sumaku, akaipitisha ubavuni kutafuta puti iliyofichwa. Ikanasa kila mahali. Macho yakamtoka kwa tamaa.

Mlango ukalia. Bi Ardith akaja na bisibisi, hakusalimia, akabandua nembo moja baada ya nyingine na kuzitia mfukoni.

"Mama, unaniua!" Lonnie alinong'ona.

"Nilijua!" Daktari aliangua kicheko. "Tempest! Gari la mwalimu! Grabowski, hata wewe, kumdanganya mtu kama mimi?"

"Ndiyo, mwanangu, Tempest tu," alisema Bi Ardith kwa upole. "Lakini hadi taa ya pili ya barabarani pale Woodward, nitakutangulia. Weka dau hiyo saa. Mimi naweka gari."

Daktari alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akavua saa, akampa Lonnie aishike.

Kuhusu mbio zenyewe hakuna mengi. Taa iliwaka kijani, Tempest ikanguruma kwa sauti ambayo walimu wa shule hawana, na Daktari akabaki akitazama taa za nyuma.

Bi Ardith alirudi pale Lonnie aliposimama kando ya barabara, akanyoosha mkono dirishani. Lonnie akampa saa.

"Ni GTO kweli?"

"Nilinunua mpya kwa mshahara wangu wa kiwandani. Mimi na Kaz tukabadilisha boneti, tukang'oa nembo na kabureta mbili kati ya tatu. Nani atashindana na anayetangaza ana kisu?"

"Basi niuzie! Elfu mbili, tulikubaliana!"

"Tulikubaliana kuongea. Tunaongea." Akamfungulia mlango wa abiria. "Mshika dau wangu, Kaz, amefariki, nafasi ipo wazi. Chakula unakijua, kochi unalijua."

Lonnie akatazama kucha zake zenye rangi ya maziwa. Akaingia.

"Na marehemu Kaz," aliuliza garini, "mlikutana wapi?"

"Mlangoni pangu," alisema Bi Ardith, akitia gia. "Alikuja kunitapeli gari hili."