Miguu ya mama mkwe juu ya dashibodi

Leo nimeaibika, jamani, na nimechoka hata kuona haya vizuri.

Gari langu mnalijua. (Wasiolijua: ni zee, nguvu zote zimebaki kwa honi.) Tangu mvua ianze, zulia la upande wa abiria limekuwa likilowa. Nikadhani ni mvua. Nikaziba mlango, nikaziba pembe za kioo. Likalowa hata siku za jua kali. Jana nikainama, nikagusa, nikanusa. Maji ya kijani, harufu tamutamu. Hayo si ya Mungu, ni ya rejeta, yale ya kupoza injini. Hita, ile rejeta ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi, ilikuwa imetoboka.

Dawa yake naijua. Kuna mipira miwili, mmoja unapeleka maji kwa hita na mwingine unayarudisha. Unaichomoa yote, unaiunganisha, maji hayapiti huko tena. Mimi nikaziba mmoja. Wa pili ulikuwa mahali mkono haufiki, na mgongo ulikuwa unauma. (Msinitazame hivyo.)

Asubuhi nikatoka Embu, nikaenda Kanyakine kumchukua mama mkwe. Alikuwa mgeni wa heshima kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, huko Kaaga. Huyu ni mama ambaye tangu nimwoe binti yake huwa namsalimia nikitazama chini. Alikuwa amevaa viatu vyeupe, vipya.

Tulienda vizuri mpaka mlima wa mwisho. Injini ikapata moto, kitu kikafanya pwaa nyuma ya dashibodi. Mvuke ukajaa, kioo kikawa cheupe chote. Mama akasema polepole, "Baba Kendi, huku chini kuna mto."

Bahati maji yaliyofika miguuni mwake yalikuwa yamepoa, ya vuguvugu tu. Nilitaka kusimama, akakataa. Alisema wamama wanangoja na kanisa liko pale tu. Akavua viatu, akavipakata, akapandisha miguu juu ya dashibodi.

Sasa fikirieni. Mbele sioni, ni mvuke. Kushoto siwezi kutazama, hayo ni magoti ya mama mkwe. Nikatoa kichwa nje ya dirisha langu nikaendesha hivyo, mdogomdogo, kama mbuzi anayepelekwa sokoni.

Wamama walikuwa wamejipanga langoni wakiimba. Wimbo ulianza kufa kwa wale wa mbele, ukaenda ukifa mpaka nyuma. Gari likaingia likifuka kila dirisha, kichwa changu kiko nje, na nyayo mbili za mgeni wa heshima zimebandikwa kwenye kioo. Pasta alikuja kumfungulia mlango. Akaona, akageuka akaanza kuangalia mawingu.

Mama akashuka peku, viatu mkononi, akasalimia kila mtu kama kawaida. Nilidhani yameisha. Nikabaki nje kungoja injini ipoe, lakini spika ya hilo kanisa inasikika mpaka barabarani. Kabla ya hotuba aliwaomba wamkumbuke mkwe wake kwa maombi.

"Hasa mikono yake," akasema.

Wakaniombea. Wote, kwa sauti, mimi nikiwa nimeinama chini ya boneti.

Injini ilipopoa, nikafanya nilichopaswa kufanya jana. Nikachubuka kidole, lakini ule mpira wa pili nikaufikia, nikaunganisha yote miwili na kuifunga kwa klipu. Nikajaza maji ya bomba la kanisa, nikawasha, nikangoja. Hakuna hata tone. Nikaenda kumwambia mama kwamba gari limepona. Akanishukuru sana, akarudi Kanyakine na gari la pasta.

Nimefika nyumbani sasa hivi. Zulia nimelianika ukutani. Mke wangu alikuwa ameshapigiwa simu. Amejifungia bafuni, anasema anaoga, lakini sisikii maji.

Kwa hivyo nyinyi nawaomba mnyamaze kidogo. Hapa kwangu wanaocheka wametosha.