Vipimo vya Suruali ya Waziri Mkuu

Shwari aliingia katika ukumbi wa madalali wa hisa kwa sababu moja tu: kulikuwa na kiyoyozi. Nje jua lilikuwa linachoma, na mwanamume mwenye koti na tai hawezi kukaa juani muda mrefu bila kuanza kufanana na mtu asiye na kazi. Shwari kweli hakuwa na kazi, lakini hilo hakuwahi kuliruhusu lionekane. Jina lenyewe alipachikwa mtaani kwa ule mtindo wake wa kumjibu kila anayemuuliza jambo, awe mwenye nyumba, askari au mama mkwe wake, kwamba hali ni shwari.

Ndani aliwakuta watu wazima wamejipanga kwenye viti vya plastiki, shingo zimenyooka. Ukuta mmoja ulikuwa na skrini kubwa ya bei za hisa, kijani kwa zinazopanda na nyekundu kwa zinazoshuka. Ukuta wa pili ulikuwa na runinga ya habari. Vichwa vilikuwa vinageuka kwenye runinga, vinarudi kwenye skrini, vinageuka tena kwenye runinga, kama vya watu wanaotazama mpira wa meza.

Nchi siku hizo ilikuwa na mawaziri wakuu wawili. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Uchaguzi uliisha kila upande ukidai umeshinda, na kila mmoja akaapishwa na jaji wake: wa kwanza kwenye ukumbi wa serikali, wa pili kwenye maegesho ya magari ya jengo hilohilo, maana ufunguo wa ukumbi alikuwa nao mwenzake. Tangu hapo walikuwa wakifanya kazi kwenye korido moja, mlango ukitazamana na mlango, na kila asubuhi kila mmoja alimfukuza kazi mwenzake kwa barua. Hisa za benki ya mnara, ile ambayo karibu kila mstaafu mjini alikuwa na kipande chake, zilipanda na kushuka kulingana na nani kaamka na uso gani.

Shwari alipokaa tu, runinga ilimwonyesha waziri mkuu wa kwanza akishuka garini na kupandisha suruali yake kwa mikono miwili. Ukumbi mzima ukaguna. Mwenye bucha, mtu mnene aliyekuwa amekuja na aproni yake, aliinuka akaenda dirishani kwa karani kuuza kidogo. Daktari wa meno aliyekaa jirani yake akamfuata. Skrini ikageuka nyekundu.

Watu wengine huona mlango wa riziki kwenye vyeo, wengine kwenye mashamba. Shwari aliuona kwenye kiuno cha suruali ya mtu mwingine.

“Amepungua,” alisema kama anajisemea. “Shemeji alinidokeza.”

Aliulizwa shemeji gani. Alikataa kujibu. Akaulizwa tena, akasema yeye si mtu wa maneno mengi, ila kama mjuavyo, waziri mkuu naye ana kiuno kama binadamu wengine, na kiuno kina fundi wake. Zaidi ya hapo wasimtie matatani. Kabla hajamaliza kukataa, mwenye bucha alikuwa ameshamwachia kiti kilicho chini ya kiyoyozi.

Shemeji huyo, fundi cherehani wa waziri mkuu, hakuwepo duniani. Lakini ndani ya wiki moja alikuwa na historia nzuri kuliko watu wengi waliopo. Alikuwa mtu wa kimya, mwenye jicho moja dhaifu, anayepima kwa kamba badala ya futi kwa sababu ya siri za serikali. Na elimu yake, kama Shwari alivyoieleza, ilikuwa rahisi: kiongozi anayejua atakaa hushona suti mpya, na anayejua anaondoka huibana ile aliyonayo. Benki hufuata serikali, serikali hufuata suruali.

Daktari wa meno, mtu aliyesoma nchi mbili, alisema hajawahi kusikia uchambuzi wa kueleweka kama huo.

Shwari akaanza kutoza ada ya vipimo. Asubuhi alifika, akaning’iniza koti lake, akanong’ona. Kiuno kimebanwa, watu wakauza, bei ikashuka. Kiuno kimeachiwa, watu wakanunua, bei ikapanda. Soko lenyewe lilikuwa dogo, na wauzaji na wanunuzi wake wakubwa walikuwa wamo humohumo kwenye viti vya plastiki, kwa hiyo shemeji hakuwahi kukosea. Magazeti yalipoandika kwamba wawekezaji binafsi wamepoteza imani kutokana na hali tete ya kisiasa, Shwari aliyasoma kwa unyenyekevu, kama mtu anayesifiwa bila kutajwa.

Haikumchukua muda kugundua kwamba anayejua suruali itasemaje kesho ana haki ya kununua leo. Akaanza kutumia zile ada kujinunulia hisa kila alipoiangusha bei, na kuziuza kila alipoipandisha. Alinunua viatu vipya. Alimnunulia mkewe jokofu. Mama mkwe, aliyekuwa hajawahi kumwita kwa kitu kingine zaidi ya “wewe”, siku moja alimwita “mwanangu”.

Ni mtu mmoja tu ukumbini aliyemsumbua kidogo. Walimwita Bibi Sufi, kwa kuwa alikaa kona ya nyuma mchana kutwa akifuma kwa nyuzi za sufi sweta ambalo halikuonekana kuwa na nia ya kwisha. Alilipa ada yake kama wengine, lakini alikuwa na maswali. Kitambaa ni cha rangi gani? Vifungo vya mfupa au vya plastiki? Na yule waziri mkuu wa pili, naye anashonewa wapi? Shwari, kwa haraka, alimzulia huyo wa pili fundi wake, binamu wa yule wa kwanza, ambao walikuwa hawasemezani. Bibi Sufi alitikisa kichwa kwa masikitiko, akasema familia nyingi ziko hivyo, akaendelea kufuma. Shwari alimwona bibi wa watu, mpweke, aliyekuja mjini kutafuta mazungumzo.

Mwishoni mwa mwezi aliamua kula mara moja kubwa kisha apotee. Alimwendea mama mkwe, akamweleza habari za kiwanja chenye mandhari nzuri ambacho mwenyewe anakiuza kwa siri, na mama mkwe hatoi akiba yake yote ila kwa mtu aliyeanza kumwita mwanangu. Alitoa. Shwari alizibeba fedha hizo akijiambia ni za siku mbili tu, na kwamba atamrudishia na kiwanja cha kweli juu yake. Aliamini kabisa. Tapeli mzuri huanza kazi nyumbani kwake mwenyewe.

Kesho yake aliingia ukumbini bila kusalimia, akakaa, akashika kichwa. Walimbembeleza mpaka akasema. Shemeji na binamu yake wamepatana ghafla, alinong’ona, kwa sababu wote wawili wamepewa kazi ya namna moja kwa siku moja. Makoti ya safari. Mifuko ya ndani mipana, ya kuenea hati ya kusafiria na bahasha nene. Mawaziri wakuu wote wawili wanatoroka.

Kilichofuata karani hakuwahi kukiona tangu aajiriwe. Mwenye bucha aliruka kiti. Daktari wa meno alisahau mgonjwa aliyemwacha na mdomo wazi kliniki. Hisa za benki ya mnara zilianguka mpaka zikawa rahisi kuliko karanga, na Shwari, kwa uso wa msiba, akazinunua kwa fedha zake zote na za mama mkwe. Mpango ulikuwa kwamba asubuhi inayofuata atatangaza makoti yamefutwa na badala yake zimeagizwa suti za sherehe.

Asubuhi hiyo alifika akipiga mluzi. Hakuna aliyemtazama usoni. Mwenye bucha alimvuta pembeni, akampa pole.

“Pole ya nini?”

“Shemeji yako. Wamemkamata jana jioni, na kamba yake ya kupimia.”

Shwari nusura acheke. Alitaka kusema haiwezekani, lakini sababu ya kutowezekana ndiyo ilikuwa sababu asiyoweza kuitoa. Akauliza nani kasema. Mwenye bucha alikuwa amesikia kwa mteja wake, daktari wa meno kwa mgonjwa wake, na karani kwa wote wawili. Shwari alijituliza. Mtu ambaye hajazaliwa hakamatwi. Hata serikali yenye mawaziri wakuu wawili ina mipaka.

Ndipo redio iliyokuwa dirishani kwa karani ikasoma taarifa fupi. Serikali ilikuwa inakanusha vikali kukamatwa kwa fundi yeyote wa cherehani.

Kila mmoja pale alikuwa na umri wa kutosha kujua serikali inakanusha vitu vya namna gani. Shwari alivua koti chini ya kiyoyozi. Akaanza kufikiri, na hilo ndilo lililomponza. Mji ni mkubwa. Waziri mkuu lazima ana fundi. Je, kama ana jicho dhaifu? Je, kama na yeye hupima kwa kamba? Mtu anaweza kubahatisha namba ya simu ya mtu asiyemjua, kwa nini asibahatishe fundi? Na kama fundi amekamatwa kweli, basi yale makoti ni kweli, na kama makoti ni kweli, nchi haina wenyewe, na benki iliyomeza akiba ya mama mkwe wake itakuwa imefungwa kabla ya chakula cha mchana.

Wakati huo wanaume wawili wenye miwani myeusi walisukuma mlango, wakasimama wakitazama ndani. Mmoja alimuuliza karani, kwa adabu, kama kuna mtu anaitwa shemeji.

Shwari alifika dirishani kwa magoti. Alimwambia karani auze zote, kwa bei yoyote, sasa hivi. Karani alimwambia hakuna anayenunua, kila mtu anauza. Shwari alisema hata kwa nusu. Karani akatangaza nusu. Kona ya nyuma, Bibi Sufi aliinua sindano yake ya kufumia.

“Nitazichukua mimi,” alisema. “Namhurumia kijana.”

Shwari alimbusu mkono. Alichukua kiasi kidogo alichohesabiwa, akapita mlango wa nyuma penye mapipa ya taka, akajitupa kwa kinyozi wa jirani na kuomba anyolewe nywele zote, ndevu na nyusi.

Alikuwa na povu mpaka masikioni runinga ya kinyozi ilipokatiza matangazo. Mawaziri wakuu wawili walikuwa wamesimama koridoni, wameshikana mikono. Wamepatana. Mmoja atafanya kazi asubuhi, mwingine mchana. Hawakuwa wamevaa makoti ya safari. Mtangazaji alisema kwa furaha kwamba hisa za benki ya mnara zimepanda kiasi kwamba skrini ya ukumbi wa madalali imezimika yenyewe.

Shwari alitoka na nyusi moja.

Alimkuta Bibi Sufi ameketi kwenye benchi nje ya jengo, mkoba magotini. Pembeni yake kulikuwa na gari jeusi la serikali, na wale wanaume wa miwani myeusi walikuwa wanamfungulia mlango. Miguu ya Shwari ilitaka kukimbia, lakini hofu ya mama mkwe ilimsukuma mbele. Alisimama mbele ya bibi huyo. Akauliza kama habari ya kukamatwa kwa fundi alianzisha yeye.

“Mimi sikusema kakamatwa,” alijibu Bibi Sufi. “Nilikwenda kununua nyama, nikamuuliza mwenye bucha kama kakamatwa. Kisha nikapiga simu redioni, nikawauliza na wao. Wakaiuliza serikali.”

“Ulijuaje kwamba hakuna fundi?”

Bibi alimtazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mtoto aliyevaa viatu kinyume.

“Waziri mkuu wa kwanza ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nguo ananunua zilizokwisha kushonwa, tena wakati wa punguzo. Hajawahi kupimwa kiuno tangu aoe.”

“Na wa pili?”

“Wa pili ni mkwe wangu. Amemwoa binti yangu wa mwisho. Hao wamegombana tangu siku ya harusi, kwa ajili ya maegesho ya gari.” Alianza kukusanya sufi yake kuitia mkobani. “Juzi niliwaita nyumbani, nikawalisha, nikawaambia yatosha, wananiaibisha. Wakakubali palepale. Ni watoto wazuri.”

Shwari alisema kwamba kama ingekuwa rahisi hivyo, mbona nchi nzima ilikaa mwezi mzima roho mkononi. Mbona hakuwaita tangu wiki ya kwanza.

Bibi Sufi alikuwa ameshaingia garini. Aliteremsha kioo kidogo.

“Nilikuwa sijamaliza kununua, mwanangu,” alisema, na gari likaondoka.