Hoteli Yangu ya Kwenye Simu

Kwako Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, Mama Leticia,

Shikamoo, na pole kwa kazi ya kutupatanisha watu wazima.

YAH: KUNYANG'ANYWA HOTELI YA GHOROFA TISA

Mimi ni Elimringi, muuza sufuria wa hapa Kariakoo. Namlalamikia jirani yangu Benjamini, muuza ndoo, ambaye fremu yake ya duka na yangu zimetenganishwa na ubao tu. Sote tunacheza ule mchezo wa simu wa bingo na majumba: namba zinatajwa, ukikamilisha mstari unapata matofali, unajenga, na mwenzio akipita mtaani kwako anakulipa kodi; lakini akikuwahi bingo, anachukua jumba lako. Sasa naomba serikali iingilie kati, kwa sababu hizi:

1. Kwamba Jumanne ya wiki iliyopita, nikiwa nimebakiza namba moja tu, arobaini na saba, mlalamikiwa alipiga kelele "Bingo!" nyuma ya ubao. Mteja wangu wa jumla kutoka Songea alidhani kuna moto, akatoka mbio na kuacha dazeni nne za sufuria.

2. Kwamba kwa bingo hiyo aliichukua hoteli niliyoijenga miezi mitatu, bila kunilipa kilemba. Mama, wewe ni mtu wa Kariakoo. Nani hapa aliwahi kumtoa mwenzake kwenye fremu bila kumpa kilemba cha kuondokea? Hata wezi wana utaratibu.

3. Kwamba nimekuwa mpangaji kwenye hoteli yangu mwenyewe. Kila nikipita nalipa, naye ananitumia kikatuni cha mbuzi anayecheza muziki. Leo siku ya tisa hatusemeshani. Kahawa yake anainywa kanipa kisogo, na yangu, nisiseme uongo, hainishuki. Tumekaa pamoja miaka kumi na minane, Mama. Inaniuma.

4. Kwamba mlalamikiwa ni mroho wa kutisha, na asipodhibitiwa mapema atanunua soko, kisha kivuko cha Kigamboni, na mwisho ofisi yako pamoja na kiti unachokalia.

Kwa hiyo naomba aitwe barazani, arudishe hoteli mbele ya wajumbe, na hati ipigwe muhuri. Najua nyumba ikibadilisha mikono ofisi nayo hupata chake. Niko tayari kulipa, kwa matofali ya mchezo.

Nisalimie mtendaji, wajumbe wote, na yule mama wa chapati hapo mlangoni.

Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa,
Elimringi

N.B. Mwandiko huu ni wa Benjamini. Wangu hausomeki, na barua zangu zote za ofisini huniandikia yeye; sasa hii ningempelekea nani? Nilikwenda na karatasi, nikamtajia malalamiko, akaandika bila kubisha. Hilo la nne kaliongeza mwenyewe, anasema matatu hayana uzito. Tumecheka mpaka wateja wakatushangaa. Usihangaike kutuita, Mama. Barua tunaileta hivyo hivyo, maana kaiandika vizuri mno, nimeona haya kuichana.