Kona ya Jikoni

Jumapili, tarehe 2 Mei 1999

Jana timu yetu ya kikapu imefungwa tena. Kwa pointi ngapi, sitaki kuandika. Kocha Népomuscène ameshaandika yeye, ubaoni, mbele ya timu nzima. Bahati mbaya ndiye pia mwalimu wetu wa takwimu. Alichora duara, akalikata vipande. Kipande kikubwa, akasema, ni mipira ambayo Télesphore alipiga kutoka mbali. Kando yake kulikuwa na kistari chembamba. Hiyo ndiyo iliyoingia. Nikasema nilidhani chaki imeteleza. Wote walicheka isipokuwa yeye.

Amri imetoka. Jumamosi tunacheza na chuo cha ualimu. Nikithubutu kupiga hata mpira mmoja wa mbali, wa pointi tatu, uingie usiingie, namrudishia jezi namba saba. Jezi yangu! Niko nayo tangu 93.

Kocha amekuja juzijuzi, hajui siku zile. Siku zile nilikuwa nasimama kona ya jikoni, pembeni mwa uwanja, pale harufu ya maharagwe inapotokea dirishani. Jovithe ananipa mpira. Napiga. Kelele. Pointi. Sikumbuki hata mara moja nikapiga kutoka kona ile, Jovithe akiwepo, tukakosa pointi. Ilikuwa timu, ile. Sasa mmoja yuko Kanada, wawili hatuwataji mazoezini, na kina Jovithe, jirani zetu wa mtaa wa Cibitoke, walifunga mlango mwaka 95 wakaenda Kigoma. Nimebaki mimi. Niko mwaka wa pili. Nilikuwa mwaka wa pili siku zile pia. Vita, chuo kufungwa, chuo kufunguliwa, halafu takwimu.

Jumanne, tarehe 4 Mei

Nimegundua kosa. Si mkono wangu, ni ringi. Mwaka ule wa 95 watu waliokimbia kartie, mitaa yao, walilala uwanjani kwetu, wakafunga kamba za nguo kwenye ringi. Blanketi mbichi za familia zote zile! Chuma gani kitavumilia?

Nimeazima nyundo kwa fundi baiskeli wa Cibitoke. Nimepandisha meza juu ya meza ya bwalo, nikagonga nusu ya asubuhi. Nilipoteremka, ringi ilikuwa imeinamia upande wa pili, na zaidi.

Mazoezini mipira yangu ilikosa vilevile. Aliyefaidika ni Cirimwami, kijana wa Bukavu, mrefu, mpole mpaka anakera. Huyu hapigi kamwe akiwa mbali kuliko urefu wa mkono wake. Leo alikuwa anauegesha mpira tu, unaingia wenyewe. Akauliza nani amefanya kazi nzuri hivi, amshukuru. Kocha akaning'inia kwenye ringi kwa mikono miwili mpaka ikarudi sawa. Kisha akauliza nyundo ni ya nani. Nikasema labda waliisahau wale wa blanketi.

Jumatano, tarehe 5 Mei

Si ringi. Ni pasi. Tangu Jovithe aondoke, nani amenipa mpira kama yeye? Chini kidogo, taratibu, unafika mkononi ukiwa tayari.

Nikaenda Kajaga kwa baiskeli, nikarudi na mukeke mkubwa, samaki wa ziwani, bado unang'aa. Mama alidhani ni wake. Nikaupeleka kwa Cirimwami. Nikamwambia kazi yake ni moja: anipe mpira kona ya jikoni, kama Jovithe. Alikula mpaka kichwa. Na kweli jioni alinipa pasi safi, sina la kumlaumu. Nikapiga. Mpira ukagonga ringi, ukarukia kushoto, ukaanguka mahali pasipo na mtu, ukaviringika mpaka kwa wapishi.

Nikamuuliza kwa nini hakuufuata. Akanijibu kwa ule upole wake kwamba mukeke ulikuwa wa pasi tu.

Alhamisi, tarehe 6 Mei

Jovithe yuko mjini!

Habari nimeletewa na Epiphanie, jirani yetu anayeuza chai bandarini. Tangu nchi jirani zituondolee vikwazo, meli za Kigoma zinaingia tena, na kwenye moja yupo Jovithe, mbeba mizigo. Nilikimbia kutoka darasa la takwimu bila kuaga.

Nilimkuta anateremsha saruji, mweupe kuanzia nywele hadi vidole. Ana kitambi. Jovithe, aliyekuwa anapita katikati ya watu kama moshi! Nilimcheka. Alinicheka na yeye, kwamba bado niko mwaka wa pili. Tulicheka mpaka ikawa si kicheko tena. Machozi yalimchora mistari miwili kwenye ile saruji.

Anazungumza Kiswahili cha Kigoma sasa, kimenyooka, mpaka nikaona haya. Kila kitu kwake ni hapana, sawasawa, bila shaka. Nikamwambia twende Cibitoke aone nyumba yao. Kuna watu wengine ndani, lakini mlango ni uleule wa buluu. Aliangalia ziwa.

“Apana, ndugu yangu,” akasema. “Si leo.”

Hiyo ilikuwa apana yetu ya zamani kabisa. Sikurudia kumwambia.

Nikageuza maneno, nikamweleza habari ya Kocha na jezi. Meli inaondoka Jumapili. Jumamosi atakuja uwanjani kuangalia. Kuangalia tu, nimemwambia. Mpango wenyewe nimeuficha.

Jumamosi, tarehe 8 Mei

Asubuhi milimani walipiga risasi. Wenzetu wa kartie za juu hawakufika. Kocha alituhesabu, akatuhesabu tena, tukawa pungufu ya mtu mmoja. Kusema kweli mpango wangu ulikuwa kumwambia mmoja wao ajifanye mgonjwa. Haukuhitajika, na sikufurahi.

Nikatoa kwenye mfuko jezi namba tisa ya Jovithe, ile ambayo nimekuwa naapa kwamba iliibiwa. Kocha aliitazama jezi, akanitazama mimi, akatazama kitambi cha Jovithe. Wale wa chuo cha ualimu walipokiona walisema hawana kipingamizi.

Ilibidi tucheze haraka, watu wawahi makwao kabla ya kuvrefe, saa ya marufuku ya kutembea. Mimi nilikuwa malaika. Nilitoa pasi, nikakaba, nikajiweka mbali na kona ya jikoni. Hata harufu ya maharagwe nilijizuia nisiinuse. Dakika ya mwisho tuko nyuma kwa pointi moja. Jovithe ana mpira, anahema kama mtu aliyepanda mlima. Akaniangalia. Sijui nilifikaje kwenye ile kona. Mpira ukaja, chini kidogo, taratibu. Na mkono ukaenda wenyewe.

Umekosa. Ringi, kushoto, kama kawaida. Lakini pale kushoto alikuwa amesimama Jovithe, na kitambi chake, wala hakuwa na haraka. Akaudaka, akauweka ndani. Kelele. Tumeshinda!

Kocha alikuja mbio akanyoosha mkono. Nikamkumbatia. Alikuwa anataka jezi.

Nilivua. Nimetoka pale kifua wazi, na Jovithe kanishika bega. Njiani nikamuuliza alijuaje mpira utaanguka wapi.

“We mutu, siku zote ulikuwa unakosa,” akasema. “Unakosa kushoto, pale pale. Mi nakupa mpira, halafu naenda kungoja.”

Nikamuuliza, na zile kelele? Akasema zilikuwa za mpira kuingia. Siku zile hakuna aliyekuwa anauliza nani ameuingiza.

Tukafika barabara ya bandari. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote ile. Akasema angeniambia ningeanza kulenga, na yeye angepoteza mahali pa kusimama.

Jumapili, tarehe 9 Mei

Meli imeondoka. Nilisimama gatini mpaka sikuweza tena kujua kipi ni Jovithe na kipi ni mfuko wa saruji. Nimelia, naandika hapa kwa sababu hapasomwi na mtu. Namkumbuka tayari, na namkumbuka mara mbili, huyu wa kitambi na yule wa zamani.

Kabla ya kupanda alinipa ile jezi ya tisa, nimtunzie mpaka arudi. Hakusema lini. Niko nayo mwilini sasa hivi. Kocha alitaka ya saba. Ya tisa hakuitaja popote.

Nimefikiri sana njia nzima ya kurudi. Takwimu za Kocha ni mbovu. Ile mipira yangu haikukosa, ilikuwa pasi! Timu haina shida ya mtu wa kupiga. Ina shida ya mtu wa kusimama kushoto. Kesho asubuhi nakwenda Kajaga kwa ajili ya Cirimwami. Mikeke miwili safari hii, mmoja wa kunipa mpira, mmoja wa kwenda kungoja. Na nitapiga nikiwa hatua moja nyuma zaidi, ili apate muda wa kufika.