Jiwe Lenye Vyumba

Hoteli moja ya Diani ilipobadilisha chujio la bwawa lake la kuogelea, magunia sita ya changarawe za kijivu yalitupwa nyuma ya jikoni, na watu wote wenye akili timamu wakayaona takataka. Shem, msukuma mkokoteni, aliyaona akasimama. Miaka mitatu ya kusukuma mizigo Ukunda ilikuwa imemchosha mabega na kumnoa ulimi, na ulimi ulikuwa ukitafuta kazi.

Mgeni mmoja wa hoteli, mzee mtaalamu wa mawe, alichota konzi ya changarawe zile akamhutubia pale pale, kaptura yake ikidondosha maji. Hii ni zeolaiti, alisema, na maana ya jina ni jiwe lichemkalo. Ndani yake mna vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, vimeunganishwa kwa ujia, na wapangaji wake wote ni maji. Ukilichoma, maji yanahama na nyumba haibomoki. Ukilimwagia maji tena, wapangaji wanarudi kwa vishindo, na joto linatoka. Hata harufu ya mkojo wa mifugo huingia humo ikakaa.

Hilo la mkojo lilimchekesha Shem. Alijiambia kwamba kumbe wageni nao wanajua kutia chumvi.

Lakini magunia aliyabeba yote kwa mkokoteni, na hilo la joto akalijaribu. Alikausha changarawe kwa makaa katika nusu ya pipa, akatia kwenye kikombe cha bati, akamwagia maji baridi. Kikombe kikamuunguza vidole. Shem aliruka, akacheka, akaruka tena. Hapo hapo akaiona akilini tuktuk ya Mama Kanze.

Mama Kanze alikuwa mjane aliyetoka bara ya Kinango. Alikuwa na gesti ya vyumba saba, mbuzi thelathini nyuma yake, na mkono mgumu kama kizibo cha chupa ya asali. Wageni wake waliogea maji baridi, naye akiwaambia ni dawa ya mgongo. Shem aliitamani hata usingizini tuktuk aliyoachiwa mjane huyo na marehemu mumewe. Mama huyo naye alikuwa na usingizi wake mbaya: majirani walikuwa wamempa hadi mwisho wa mwezi awahamishe mbuzi, kwa sababu ya uvundo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Unauza nini?"

"Mimi siuzi. Nimeleta habari njema." Shem alimwaga maji kikombeni. Mvuke mwembamba ukapanda. Mama Kanze alikishika kikombe, akakiachia upesi.

"Hakuna makaa?"

"Hakuna makaa, hakuna stima. Wageni wako wataoga maji moto mpaka waimbe." Kwamba jiwe hilo hutoa joto mara moja tu, mpaka lichomwe tena, Shem hakuona sababu ya kumsumbua mama wa watu nalo. Badala yake alimmwagia hotuba yote ya yule mzee: vyumba, ujia, wapangaji. Na ulimi ulipokolea, akaongeza kwa madaha, "Tena linameza harufu ya mkojo wa mbuzi! Ukiliweka karibu, harufu inaingia ndani kama mpangaji, inafunga mlango."

Kwa maoni yake, huo ndio uliokuwa uongo mtamu kuliko wote aliosema siku hiyo.

"Niachie kopo moja," alisema Mama Kanze taratibu. "Nilizoee."

Siku nne baadaye alimwita. Alitaka magunia yote sita, makavu, na Shem angepata tuktuk. Shem aliitikia kwa sauti ya mtu anayeonewa, akaenda kuchoma mawe wiki nzima. Akiba yake yote ikaishia kwenye makaa, nyusi zikaungua, lakini alichoma huku akiimba. Mpango wake ulikuwa rahisi: akishika usukani, moja kwa moja hadi Lunga Lunga, kabla mgeni wa pili hajaingia bafuni.

Walikutana kibandani kwa mzee wa mtaa. Mama Kanze alijaribu kila gunia kwa kikombe cha maji, na kila gunia likatoa mvuke. Wakaandikiana karatasi. Shem alijitupa kwenye kiti cha dereva na kuvuta pumzi ndefu: hewa safi kabisa.

"Ngoja nitoe vikorokoro vyangu," alisema Mama Kanze. Aliinama, akachomoa mfuko mmoja wa kitambaa chini ya kiti cha abiria, akauweka kifuani.

"Chukua na mkokoteni, mama! Zawadi!" Shem alipiga kelele kwa furaha, akaondoka vumbi likimfuata.

Lunga Lunga jua lilikuwa kali. Saa sita mchana kiti kilipopata moto, harufu ikaanza kutoka kwenye sponji, polepole kwanza, kisha bila haya. Ilikuwa harufu ya beberu. Miaka minne tuktuk ile ilikuwa imebeba mbuzi kwenda mnadani, na mbuzi akiwa safarini haombi ruhusa.

Abiria wa kwanza, Roselyne, mhudumu wa hoteli aliyevaa sare iliyopigwa pasi, alikaa akashuka kabla gari halijaondoka.

"Buda, hii ni gari ama ni zizi?"

Shem aliosha kwa sabuni. Aliosha kwa ndimu. Alinunua marashi, na sasa ikanuka kama beberu anayekwenda kuoa. Siku tatu hakupata abiria hata mmoja. Ya nne, mwenye njaa na aibu, alirudi Ukunda.

Alipoingia uani kwa Mama Kanze alishtuka. Mbuzi thelathini walikuwa pale pale, changarawe za kijivu zimetandazwa zizini, na hakukuwa na harufu yoyote. Majirani wawili walikuwa wameketi ukutani wakinywa chai.

"Shikamoo, mama," alisema Shem kwa unyonge. "Ule mfuko wa chini ya kiti..."

"Marahaba. Ni changarawe za lile kopo ulilonipa. Mbona unashangaa? Si wewe uliyenifundisha?" Uso wake ulikuwa mpole mno. "Ulinieleza vizuri, mwanangu. Nilikuamini neno kwa neno."

"Nipe basi mfuko mmoja tu. Please, mathe."

"Nitakupa kila wiki. Nawe kila Jumanne utanipelekea mbuzi mnadani, bure."

Shem alifungua kinywa, kisha akahesabu mambo. Akibeba mbuzi, tuktuk itanuka. Ikinuka, atahitaji mfuko. Akitaka mfuko, atabeba mbuzi. Aliutafuta mlango wa kutokea katika nyumba hiyo asiuone.

"Sawa, mama," alisema.

"Ahsante, baba. Na mawe haya ya zizini yakishashiba harufu yatataka kuchomwa upya." Mama Kanze alimmiminia chai, akamsogezea kikombe. "Lile pipa lako bado unalo?"