Zimwi kwenye Ukuta wa Kishanda

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Kibanda changu cha kuchora mabango hapa Rwamishenye nimekifunga, ingawa hata kikiwa wazi haji mtu. Nilitaka nishinde nacheza kwa amani. Amani! Nimefungua mchezo wangu wa Falme za Ukungu, nakutana na tangazo. Mchezo umetimiza miaka kumi. Kila kikosi cha wachezaji, popote kilipo duniani, kichore picha ukutani, ukuta wa kweli wa matofali, kiipige picha, kiitume. Zitakazochaguliwa zitatundikwa ndani ya mchezo wenyewe, kwenye Ukumbi Mkuu, watu wa mataifa yote wapite wakizitazama. Mwisho wa kutuma Jumapili.

Nilipiga ukelele. Mke wangu Restituta akatoka jikoni kuuliza nani kafa. Nikamweleza. Akarudi jikoni.

Mimi ndiye kiongozi wa Kikosi cha Nshomile, kikosi cha wachezaji wa Bukoba na Muleba. Mimi ndiye mchora mabango. Nani mwingine? Lakini kabla sijamaliza kufurahi, Mehul kaandika kwenye grupu. Mehul anauza vyombo katika duka la baba yake mjini. Tumecheza pamoja tangu mchezo unaanza, na tangu unaanza ananikera. Kasema dada yake Ekta naye anachora, na duka lao lina ukuta mweupe kwa nyuma. Basi kila upande uchore, kikosi kipige kura, na upande utakaoshinda utoe kiongozi. Kaongeza kwamba mara ya mwisho niliwaongoza wote kwenye kinamasi wakafa.

Kweli walikufa. Kinamasi ni cha kufia! Ndiyo kazi yake!

Wote wamemwekea dole gumba. Hata Restituta, ambaye nilimwingiza kikosini kwa mkono wangu.

Tatizo: sina ukuta. Kibanda changu ni mabati matupu. Lakini shangazi Kokushubila kule Kishanda ana ghala la kahawa, ukuta wake mrefu unatazama barabara. Tena Jumamosi anapokea wageni, upande wa kijana anayemwoa binti yake Immakulata, wanaleta mahari. Nimempigia kwamba nitampakia rangi ukuta, bure. Kanibariki kwa Kihaya, baraka ndefu. Anataka rangi ya maziwa, mkungu mmoja wa ndizi, na maneno KARIBUNI WAGENI.

Nimesema ndiyo. Sikusema ndiyo kwa lipi.


Jumanne, 8 Julai. Kishanda

Nimefika na ndoo zangu. Njiani nilikuwa nafikiri, na nimefikiri vizuri sana, niandike hapa.

Mtu akitaka kujua mchezo unataka nini kwa wachezaji, asisome matangazo ya watengenezaji wake. Aangalie picha zao. Miaka ile ya kwanza, mchezo ukiwa unafunguka, ulikuwa unaona kinamasi, ukungu, zimwi kubwa kama kilima, na chini kabisa pembeni kimtu kidogo kimeshika taa. Na mchezo ndivyo ulivyokuwa! Hakuna ramani. Unapotea, unauliza njia kwa watu usiowajua, unakufa, unaanza upya. Baadaye wakachora majeshi, ngao kwa ngao, kwa sababu walikuwa wametengeneza vita ambavyo huwezi kwenda peke yako. Halafu ukungu ukaondoka, ikaja sura moja inajaza skrini yote, mashavu yanang'aa, joho la dhahabu. Wakati huohuo wakafungua duka la majoho. Umeona? Picha haidanganyi.

Kwa hiyo nitachora kinamasi. Ndiyo roho halisi ya mchezo. Watengenezaji wakikiona watalia.

Shangazi alikuwa anageuza kahawa juani. Kauliza huu weusi ni wa chini tu, rangi ya maziwa itakuja juu? Nimesema rangi ina hatua zake.


Jumatano, 9 Julai

Zimwi limekamilika. Macho yake peke yake yamekula asubuhi yangu nzima. Kimtu nacho kipo, kina taa. Sijawahi kuchora kitu kizuri namna hii.

Mzee Clavery, jirani wa shangazi, kapita na mbuzi wake. Mbuzi wamegoma. Kawazungusha kupitia kibanja cha migomba cha watu, na mwenye kibanja kaja kumlalamikia shangazi. Kisha Mama Annastella wa jumuiya kasimama barabarani kitambo kirefu. Kaniuliza kwa upole kama hapo ni jehanamu au toharani. Nimemjibu ni mchezo. Kafanya ishara ya msalaba.

Shangazi kauliza mkungu wa ndizi utakaa wapi. Nimesema tutaona.

Jioni nimepanda kilimani kutafuta mtandao. Grupu limechafuka. Mehul kasambaza ukurasa wa watengenezaji wenye majina ya waamuzi. Nimeangalia kazi zao. Wote ni wale wa majoho! Hata mmoja wa kinamasi hayupo, wamestaafu au wamefukuzwa. Nimekaa kwenye jiwe nikatukana kwa lugha mbili.


Alhamisi, 10 Julai

Nimepiga chokaa juu ya zimwi. Imeniuma kama kuzika ndugu.

Sasa nachora sura kubwa, joho la dhahabu, upanga. Nilihitaji mtu wa kutazama nikichora, na Immakulata alikuwa kakaa barazani anachambua mchele. Ni mwalimu wa shule ya msingi, ana uso uliotulia, mashavu yanapokea mwanga. Sikumwambia. Ukimwambia mtu anakaza shingo.

Picha za majoho huwa zinaacha mabega wazi. Nimeyaacha wazi. Kanuni ni kanuni.

Chokaa nayo nyepesi. Ikikauka, macho ya zimwi yanarudi. Nimepaka tena, yamerudi. Yanachungulia juu ya bega lake la kushoto. Ukitazama kwa mbali unaweza kusema ni makusudi. Nimeamua ni makusudi.

Shangazi hajauona huu upande leo, yuko jikoni na wanawake wa ukoo. Mungu ni mwema.


Ijumaa, 11 Julai

Mungu alikuwa mwema jana.

Leo limetoka toleo jipya. Na picha mpya. Nimeiona kilimani, bando likiwa linaishia. Hakuna joho! Hakuna upanga! Kuna nyumba. Kuna jiko, sufuria, bustani ya mboga, mtu kakaa kwenye kigoda anamenya kitu. Kazi ya toleo hili ni kujenga nyumba, kulima na kualikana chakula. Miaka kumi nimeua majoka ili mwishowe nialikwe chakula?

Mehul kaandika kwamba hashangai. Anasema tulianza kucheza tukiwa vijana, tulikuwa na siku nzima za kupotelea kinamasini. Sasa kila mtu ana watoto na kazi, anacheza kidogo baada ya kula halafu analala. Watengenezaji nao wamezeeka pamoja nasi, ndiyo maana wameacha kuchora vita wakachora majiko. Watu wakamsifu eti kachambua vizuri. Kuchambua picha ni kazi yangu! Niliandika mimi Jumanne! Ila niliandika humu.

Chokaa imeisha. Muda umeisha. Nimemwekea mwanamke wangu sufuria mkononi, ule mkono usio na upanga. Na moto kidogo miguuni. Sasa ni mpishi. Nadhani.

Restituta kafika kutoka mjini kusaidia kupika. Kasimama mbele ya ukuta, kautazama, kanitazama. Kauliza kama shangazi ameona. Nimesema bado. Kauliza kama najua kesho ni nini. Nimesema kesho ni Jumamosi.


Jumamosi, 12 Julai

Nilipanga kuamka mapema nipige picha jua likichomoza. Nimepitiwa na usingizi. Nimeamshwa na honi.

Wageni wamewahi! Nani huwahi na mahari? Wameshuka wote, wamevaa suti, wamesimama barabarani, wanautazama ukuta. Immakulata mkubwa kuliko nyumba, mabega nje, upanga, sufuria, anawaka moto miguuni, na nyuma yake macho.

Shangazi akatoka kuwapokea na kikapu cha kahawa ya kutafuna. Akafuata wanapotazama. Kikapu kikamtoka mkononi. Sijawahi kusikia kahawa ikimwagika kwa sauti kubwa vile.

Msemaji wao, mzee Protase, baba mdogo wa kijana, akavua kofia.

"Waitu," akasema kwa heshima ya Kihaya, "sisi tumekuja kuoa. Hatukuambiwa kuna vita."

Kisha akauliza, kwa heshima zote, kama ukoo huu una jambo ambalo wangepaswa kuambiwa mapema. Akaelekeza fimbo kwenye yale macho. Nyuma yake mmoja akaanza kurudisha sanduku la mahari garini. Naapa nililiona likirudi.

Nikatoka nyuma ya ghala nieleze. Nikaanza na kinamasi, kwa sababu huwezi kuelewa majoho bila kinamasi. Restituta akanivuta shati.

Ndipo Immakulata akatoka. Kwa mila hakutakiwa kuonekana mpaka aitwe. Katoka, kafunga kanga juu ya gauni lake jipya, kapiga magoti mbele ya mzee.

"Shikamoo, baba. Aliyechora ni kaka Buberwa. Upanga ni wake, sufuria ni yake, mabega ni yake, na kilichoko nyuma ni chake pia. Changu ni uso tu. Kama uso unawafaa, karibuni ndani. Ndizi zinapoa."

Kijana mwenyewe, Rwekaza, ambaye mpaka hapo alikuwa kainamisha kichwa, akaanza kucheka. Kacheka mpaka kashika uzio. Kasema uso unamfaa, na akiruhusiwa ataomba na upanga. Mzee Protase akamtazama, akatazama ukuta, mabega yakaanza kumtikisika. Sanduku likatoka tena garini. Shangazi akawa analia na kuokota kahawa kwa pamoja.

Waliingia. Shangazi alibaki nyuma kidogo. Hakunipigia kelele, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Kaniambia kuna chokaa kwa Mzee Clavery, na kwamba wageni wakitoka anataka kuona ukuta mweupe.

Nimepaka chokaa wakati watu wanakula. Nasikia vicheko, nasikia vigelegele, nasikia rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikisifiwa. Nilikuwa nimeshafuta kichwa ndipo nikakumbuka sijapiga picha. Nikapiga iliyobaki.

Restituta kaniletea sahani. Kaiweka juu ya ndoo. Ndizi zilikuwa za moto bado.


Jumapili, 13 Julai. Rwamishenye

Kura.

Ekta kachora meza. Meza! Watu wamekaa, wanakula, nje mvua inanyesha ziwani, na chini ya benchi kuna zimwi dogo limelala limejikunja kama paka. Mbao za meza hazijanyooka. Kivuli cha mtu mmoja kimeangukia upande usio wake. Nimeyaandika yote haya kwenye grupu. Hakuna aliyejibu.

Nami nimetuma yangu: joho, upanga, sufuria, bila kichwa. Nimeeleza kuwa kichwa kinaachwa kwa fikra za mtazamaji.

Wote wamempa Mehul. Mimi nimepata kura moja, ya kwangu. Nimemuuliza Restituta. Hakukana. Kasema picha ya Ekta ilimfanya atamani kuingia na kuketi, na ya kwangu ilimfanya atamani kumpelekea mtu kichwa. Halafu kasema kitu ambacho bado kinaniudhi. Kasema mimi ndiye niliyemfundisha kwamba picha za mchezo zinasema mchezo unataka nini, ila siziangalii zinavyokuja, naangalia ninazozikumbuka.

Mehul kanipigia. Kasema bado nibaki mshauri. Mshauri! Kasema pia Ekta anaomba nimfundishe kuchora ukungu, eti hakuna anayenifikia kwa ukungu. Nimemwambia nina kazi nyingi. Nimekata simu, nikaenda nje, nikarudi, nikaandika ujumbe kwamba labda Alhamisi. Nikaufuta.

Shangazi naye kapiga. Harusi ni Oktoba. Nimealikwa. Nije mikono mitupu, kasema, akarudia neno mitupu.


Jumatano, 16 Julai

Habari kubwa!!! Watengenezaji wametoa kionjo cha toleo lijalo. Picha moja. Kisiwa. Jua linawaka, wavuvi wamekaa mchangani wanashona nyavu, mama mmoja anakaanga samaki, watoto wanaogelea. Maji yametulia kabisa. Kikosi kizima kinashangilia kwamba sasa tutavua samaki. Mehul, kiongozi wetu mtukufu, kasema ni mchezo wa kupumzika.

Wajinga! Nani huchora maji yametulia bila sababu? Nimeikuza picha mpaka ikawa vidoti. Chini ya maji yale kuna kitu. Hakionekani, na ndiyo maana najua kipo. Ukungu unarudi. Safari hii nitakuwa wa kwanza, kabla hawajatangaza shindano lolote.

Nimetafuta mtu kisiwani Goziba. Kuna bwana Lukmani, ana kambi ya wavuvi na banda refu la mbao linalotazama ziwa. Nimempigia, nimemwambia nitampambia banda bure. Kafurahi mno. Anataka jina la kambi yake, herufi kubwa, mitumbwi iweze kulisoma ikiwa mbali.

Nimenunua rangi nyeusi, ndoo zote alizokuwa nazo muuzaji. Restituta nitamwambia nikishapanda boti.

Bwana Lukmani atapata jina lake. Nitalipatia nafasi mahali fulani, chini ya meno.